Mnada wa korosho ndani ya darasa: Somo la biashara ya kimataifa kwa vijana wa Masasi na Newala

Na Mwandishi Wetu

KWA familia nyingi za Masasi na Newala, ada ya shule, sare na madaftari hutoka katika mkorosho. Msimu unapofunguliwa mwezi Oktoba, mzazi huwa ameokota, amekausha na amepeleka korosho zake katika chama cha msingi. Kinachobaki ni kusubiri mnada, na baada ya mnada kusubiri fedha ziingie benki.

Kijana anayesomeshwa kwa fedha hizo, kama yuko kidato cha tano au cha sita katika mchepuo wa HGE, EGM au ECA, husoma uchumi. Humo hukutana na mada ya biashara ya kimataifa. Hufundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mfano wa kwanza anaopewa ni wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno, uliotolewa na mwanauchumi David Ricardo mwaka 1817.

Kijana ataukariri mfano huo na kuujibia mtihani. Lakini anaporudi likizo na mama yake akamuuliza, "Mwanangu, mbona mwaka jana walinunua kwa elfu nne na mwaka huu wanasema elfu mbili na ushei?" anaweza kukosa la kusema, ingawa jibu limo ndani ya mada aliyoifaulu.

Hapa ndipo penye hasara. Korosho ya uwanda wa Makonde inauzwa India na Vietnam, inaliwa Ulaya na Marekani, na bei yake huathiriwa na mavuno ya Afrika Magharibi. Mwanafunzi wa Newala amezaliwa ndani ya biashara ya kimataifa, lakini anaisoma kana kwamba ni habari ya nchi nyingine.

Ipo njia ya kufundisha mada hiyo ambayo haihitaji kompyuta wala fedha nyingi. Ni mchezo wa kuigiza soko. Wanafunzi wanagawiwa nafasi za wauzaji na wanunuzi, wanafanya biashara ndani ya darasa, kisha wanakaa chini na kuchambua kilichotokea. Makala hii inaeleza jinsi mchezo huo unavyoweza kuchezwa kwa korosho, na kwa nini mkulima na mfanyabiashara mdogo naye ana la kujifunza humo.

Mchezo wenye historia

Kufundisha uchumi kwa mchezo si jambo jipya. Profesa Edward Chamberlin wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwagawia wanafunzi wake kadi. Kadi ya muuzaji ilionyesha bei ya chini anayoweza kukubali, na ya mnunuzi ilionyesha bei ya juu anayoweza kutoa. Kisha aliwaacha watembee darasani, kila mmoja akipatana na mwenzake pembeni. Alichapisha matokeo mwaka 1948. Bei zilitawanyika ovyo: huyu aliuza juu, yule aliuza chini, ingawa bidhaa ilikuwa moja na saa ilikuwa ileile.

Mmoja wa wanafunzi walioshiriki michezo hiyo ni Vernon Smith. Baadaye, akiwa mwalimu, aliubadilisha mchezo kwa mambo mawili. Kwanza, bei zote zilitangazwa kwa sauti ili kila mtu azisikie. Pili, mchezo ulirudiwa mara kadhaa. Matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 1962, yalikuwa tofauti kabisa, kwa kuwa baada ya mizunguko michache bei zilisogeleana na kutulia karibu na pale nadharia inaposema zitatulia. Kazi hiyo ya majaribio ilimpatia Smith Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002.

Mkulima wa Masasi hahitaji kwenda Harvard kuielewa tofauti hiyo. Mchezo wa Chamberlin ni kangomba: watu wawili nyuma ya nyumba, hakuna anayejua jirani ameuza kwa bei gani. Mchezo wa Smith ni mnada wa wazi.

Uko pia mchezo mwingine uliosambazwa na shirika la Christian Aid la Uingereza. Huo unahusu nchi zenye mali zisizolingana. Kundi moja lina karatasi nyingi bila mkasi, jingine lina mikasi na rula lakini halina karatasi. Kila kundi linatakiwa kutengeneza maumbo na kuyauza. Tutaurudia baadaye, kwa kuwa unaigusa Newala moja kwa moja.

Duru ya kwanza: kangomba

Mwalimu achukue wanafunzi 16. Wanane ni wakulima, wanane ni wanunuzi. Kila mmoja apewe kadi iliyokatwa kutoka kwenye daftari, na asimwonyeshe mwenzake.

Kadi za wakulima ziandikwe gharama ya kuzalisha kilo moja, yaani palizi, salfa, kupulizia na kuokota: Sh1,000, Sh1,200, Sh1,400, Sh1,600, Sh1,800, Sh2,000, Sh2,200 na Sh2,400. Kadi za wanunuzi ziandikwe bei ya juu kabisa wanayoweza kutoa bila kupata hasara: Sh2,800, Sh2,600, Sh2,400, Sh2,200, Sh2,000, Sh1,800, Sh1,600 na Sh1,400. Namba hizi ni za mchezo tu, si bei ya msimu wowote.

Wakulima wawili au watatu wapewe kadi ya pili iliyoandikwa "ada". Mwenye kadi hiyo, asipopata fedha kabla ya kengele ya kwanza, anakatwa Sh300.

Kengele ikigongwa, wapatane wawili wawili kwa siri. Baada ya dakika kumi mwalimu aandike ubaoni kila mauzo yaliyofanyika. Katika duru hii bei huweza kuwa yoyote. Mkulima mwenye gharama ya Sh1,000 anaweza kuuza kwa Sh1,200 na kuona amepata faida, kumbe mnunuzi wake alikuwa tayari kutoa hadi Sh2,800. Mwenye kadi ya ada atakuwa na haraka zaidi, na mnunuzi mjanja atamtambua kwa macho tu.

Duru ya pili: mnada

Sasa kadi zilezile zitumike tena, lakini kila bei itangazwe kwa sauti na kuandikwa ubaoni. Mnunuzi akitaja bei, mwingine anaweza kupandisha. Muuzaji akitaja bei, mwingine anaweza kushusha. Warudie mara tatu au nne.

Ukizipanga kadi hizo kwa mfuatano utaona kwamba mauzo matano tu ndiyo yenye maana kwa pande zote mbili, na bei inayoyawezesha iko kati ya Sh1,800 na Sh2,000. Ndipo soko litakapoelekea kutulia. Hapo mwalimu achore mistari ya mahitaji na ugavi ubaoni. Wanafunzi watakuwa wanachora kitu walichokwishakifanya kwa midomo yao.

Mambo mawili yajadiliwe bila kuharakisha.

La kwanza, mnada haukuwasaidia wote. Mkulima mwenye gharama ya Sh2,400 hakuuza, hata bei ilipokuwa wazi. Huyo hasaidiwi na mnada. Anasaidiwa na kupunguza gharama kwa kila kilo: miche bora ya Kituo cha Utafiti wa Kilimo Naliendele, kupogolea, na kupulizia dawa ya ubwiri unga kwa wakati.

La pili ni malipo. Katika mzunguko wa mwisho mwalimu abadilishe sharti moja tu, kwamba wanaouza mnadani watalipwa baada ya kengele ya pili, na wanaouza pembeni watalipwa papo hapo. Mwenye kadi ya ada akiuza mnadani kwa Sh1,900 atakatwa Sh300 kwa kuchelewa, abaki na Sh1,600. Akija mchuuzi na Sh1,650 taslimu, anamzidi kwa Sh50. Atauza kangomba.

Mara nyingi viongozi huwalaumu wauzaji wa kangomba kwa kukosa elimu. Mchezo unaonyesha kwamba mkulima huyo amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Dawa ya kangomba ni kulipwa mapema, pamoja na kuwa na akiba au mkopo nafuu wa kuvusha familia hadi siku ya malipo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika katika korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, ulileta mnada. Nguvu yake mbele ya kangomba inategemea kasi ya malipo.

Nani analipa kodi?

Duru ya tatu inahusu kodi, swali linalowagawa watu kila msimu.

Kwa miaka mingi Tanzania imetoza ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje wa asilimia 15 ya thamani bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Wanafunzi waanze kwa hesabu rahisi. Tani ikiwa na thamani ya dola 1,000, asilimia 15 ni dola 150, hivyo anayesafirisha atalipa dola 160. Tani ikiwa na thamani ya dola 2,000, atalipa dola 300.

Kisha warudi kwenye kadi. Kila mnunuzi atozwe Sh300 kwa kilo. Mwenye kadi ya Sh2,800 sasa hawezi kumpa mkulima zaidi ya Sh2,500, na wengine vivyo hivyo. Kadi zikipangwa upya, mauzo yanashuka kutoka matano hadi manne, na bei ya mkulima inaangukia kati ya Sh1,700 na Sh1,800.

Tuseme bei ilikuwa Sh1,900 na sasa ni Sh1,750. Mkulima amepoteza Sh150. Mnunuzi anatoa Sh1,750 na ushuru wa Sh300, jumla Sh2,050, yaani Sh150 zaidi ya awali. Kodi aliyotozwa mnunuzi peke yake imebebwa na wawili. Mkulima hakuiona kwenye stakabadhi yake, lakini ameilipa ndani ya bei.

Je, hiyo ina maana kwamba ushuru huo ni mbaya? Hapana, si lazima. Inategemea fedha zinakwenda wapi, na kama ushuru unasaidia korosho kubanguliwa nchini. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa inapelekwa kwenye mfuko wa kuendeleza zao, uliogharamia mambo kama pembejeo, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2018 na fedha zote kuelekezwa Hazina. Mabadiliko hayo yalizua mjadala mkali bungeni. Mwanafunzi aliyecheza duru hii anaweza kuuelewa mjadala huo, kwa sababu anajua sehemu ya fedha zile ilitoka mfukoni mwa nani.

Ng'ambo ya Mto Ruvuma kuna funzo la upande wa pili. Katika miaka ya 1990 Msumbiji, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, iliruhusu korosho ghafi kuuzwa nje na ikapunguza ushuru wake. Iliahidiwa kwamba mkulima angepata bei nzuri. Wanauchumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Welch walipochunguza mwaka 2002 walikuta kwamba faida kwa kaya ya wastani inayolima korosho ilikuwa kama dola 5.30 kwa mwaka, huku viwanda vikifungwa na maelfu ya wafanyakazi wakipoteza kazi. Sehemu kubwa ya faida iliishia kwa wafanyabiashara wa kati. Baadaye Msumbiji iliurudisha ushuru huo.

Darasa ligawanywe pande mbili na kujadili: ushuru upandishwe, ushushwe au uachwe? Kila upande utumie namba ulizozipata katika mchezo.

Duru ya nne: karatasi na mkasi

Hapa ndipo mchezo wa Christian Aid unapoingia. Madawati yapangwe makundi matano: Newala, Kodivaa, India, Vietnam na Ulaya.

Karatasi ni korosho ghafi. Mkasi ni kiwanda cha kubangua. Newala ipewe karatasi nyingi bila mkasi. Kodivaa, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa wa korosho ghafi duniani, ipewe karatasi nyingi zaidi. Vietnam, inayoongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, ipewe mikasi mitatu na karatasi chache. India ipewe mikasi miwili, karatasi chache, na fedha za walaji wake wenyewe, kwa kuwa Wahindi ni walaji wakubwa wa korosho. Ulaya ipewe fedha tu.

Kanuni ni kwamba karatasi nne zinatoa pande moja lililokatwa vizuri, na Ulaya inanunua pande hilo tu. Hilo linakaribiana na hali halisi, kwani kilo moja ya korosho zilizobanguliwa hutokana na kilo nne hadi tano za ghafi.

Kuwe na kalenda ubaoni. Katika nusu ya kwanza ya mchezo, yaani Oktoba hadi Januari, Newala peke yake ndiyo yenye karatasi za kuuza. Kengele ya Februari ikigongwa, karatasi za Kodivaa zinaingia sokoni, na India na Vietnam nazo zinaanza kuvuna za kwao.

Wanafunzi wa Newala watagundua nguvu yao, kwamba wanavuna wakati wabanguaji wengine wana njaa ya malighafi. Watagundua pia mwisho wa nguvu hiyo. Wakigoma kuuza hadi kengele ya Februari, bei inaweza kuwaangukia. Na kama Vietnam iliweka akiba ya karatasi tangu mchezo uliopita, haitakuwa na haraka hata kidogo. Katika biashara, bei nzuri humwendea anayeweza kusubiri.

Hapo ndipo mwalimu amrejeshe Ricardo, lakini kwa mfano wa nyumbani. Mama fundi cherehani kwa siku anaweza kupalilia mikorosho 10 au kushona magauni 5. Kijana wake anaweza kupalilia mikorosho 8 au kushona gauni 1. Mama anamshinda kijana kwa kazi zote mbili. Lakini kila mkorosho anaopalilia mama unamgharimu nusu gauni, wakati kwa kijana unagharimu sehemu moja ya nane ya gauni. Hivyo inafaa kijana apalilie, mama ashone, kisha wagawane. Hiyo ndiyo faida linganishi aliyoieleza Ricardo.

Swali analotakiwa kuuliza mwanafunzi wa Newala ni hili: kijana akipalilia tu miaka yote, atajifunza lini kushona?

Kwa nini mikasi yetu ilishika kutu

Swali hilo lina majengo yake Masasi na Newala. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilijenga kwa mikopo viwanda vya kubangua korosho hadi kufikia 12, vikiwamo vya Masasi na Newala. Vingi vilisimama, na baadhi vikageuzwa kuwa maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli.

Katika mchezo, mwalimu aipe Newala mkasi mmoja katikati ya duru, kwa sharti kwamba inunue kwanza karatasi za mzunguko mzima kwa fedha taslimu. Newala haina fedha. Italazimika kukopa kwa mwalimu kwa riba. Wakati huohuo Vietnam inakuja na fedha mkononi kununua karatasi zilezile.

Hilo ndilo tatizo la mbanguaji wa hapa nchini. Msimu wa kununua ni wa miezi michache, lakini kiwanda kinatakiwa kufanya kazi mwaka mzima. Lazima anunue malighafi ya mwaka kwa miezi mitatu au minne, katika mnada uleule, akishindana na mnunuzi anayekopa kwa riba ndogo nje. Mashine bila mtaji wa kununulia korosho ni chuma tu.

Historia inaongeza sababu nyingine. Uzalishaji wa korosho nchini ulifikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, kisha ukaporomoka hadi karibu tani 16,500 msimu wa 1986/87. Watu walihamishiwa vijijini na kuacha mashamba yao mbali, bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaishambulia mikorosho. Mikasi ilifika wakati karatasi zinakwisha.

Kadi za mshtuko

Soko la dunia haliendi kwa utulivu, na mchezo nao usiende hivyo. Mwalimu awe na kadi tatu au nne za mshtuko, azifungue ghafla. Zisitungwe tu, kwani historia ya kusini inazo za kutosha.

Kadi ya kwanza ni mbaazi. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka za mbaazi kutoka nje. Bei kwa mkulima wa Tanzania ikaporomoka vibaya. Katika mchezo, kundi la India litangaze: "Tunanunua karatasi tano tu." Wanafunzi wataona maana ya kumtegemea mnunuzi mmoja.

Kadi ya pili ni korosho ya mwaka 2018. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000 na bei mnadani ilipita Sh4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata bei ya dunia ilikuwa imeshuka. Oktoba 2018 wakulima walikataa bei za chini ya Sh3,000 zilizotolewa na wanunuzi. Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa Sh3,300, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzikusanya. Kuzipatia wanunuzi kulichukua miezi mingi.

Mwalimu achukue nafasi ya Serikali. Anunue karatasi zote kwa bei ya juu kuliko ya soko, kisha ajaribu kuziuza kengele ya Februari ikiwa imekwishalia. Nani amenufaika? Nani amebeba gharama ya ghala na ya korosho kupungua uzito? Mkulima aliyeuza kangomba mwezi Septemba alipata nini katika bei ile ya Sh3,300? Maswali haya yaulizwe bila kumlaumu mtu. Darasa ni mahali pa kupima matokeo.

Kadi ya tatu ni ya neema: mnada kwenye skrini. Tangu msimu wa 2024/25 korosho zimekuwa zikiuzwa kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Katika mnada wa kwanza wa chama kikuu cha TANECU, Oktoba 2024, bei ya juu ilikuwa Sh4,120 na ya chini Sh4,035. Pengo la Sh85 kati ya bei hizo ni jambo la kujadiliwa na mwanafunzi aliyeona mchezo wa Chamberlin na wa Smith.

Vifaa na muda

Mwalimu anahitaji karatasi za daftari, mikasi sita, kengele, chaki, na punje za mahindi au maharage za kutumia kama fedha. Kila duru inatosha katika vipindi viwili vya dakika 40, kimoja cha kucheza na kimoja cha kuchambua. Kipindi cha kuchambua kisiachwe, kwani bila hicho mchezo unabaki kelele.

Lugha nayo ipangwe. Mchezo uchezwe kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ya kupatana bei. Baada ya mchezo mwalimu aandike ubaoni maneno ya Kiingereza ya mtihani, kila neno mbele ya tukio walilolifanya. Kijana hatakariri tena maana ya bei ya usawa. Atakumbuka pale kelele zilipotulia kwenye Sh1,900.

Mchezo huu usiishie shuleni. Duru ya kwanza na ya pili zinaweza kuchezwa katika mkutano wa chama cha msingi kabla ya msimu, wanafunzi wakiwa wasimamizi na wakulima wakiwa wachezaji. Mzee aliyeuza korosho kwa miaka 40 atawafundisha vijana mambo ambayo hayamo kitabuni, na vijana watamwonyesha hesabu aliyokuwa akiihisi bila kuiandika. Mfanyabiashara mdogo wa ufuta au mbaazi anaweza kubadilisha kadi tu, kanuni zikabaki zilezile.

Kabla ya msimu ujao, mkulima anaweza kuanza na jambo moja ambalo halihitaji darasa: kuandika kadi yake mwenyewe. Aandike gharama ya palizi, dawa, kupulizia, kuokota na magunia, agawe kwa kilo alizovuna, apate gharama ya kilo moja. Chini yake aandike siku anayohitaji fedha na kiasi anachohitaji. Asiyeijua kadi yake hupangiwa bei na mwenye kuijua. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.